Vitambaa Vyekundu vya Mahameni

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Wanangu hunicheka, husema mama akisalimiwa kwa bashasha huuliza kwanza unataka nini. Wacheke tu. Wao wamezaliwa baadaye, hawajui tulivyoishi miaka ile Handeni, wakati kila mtu alikuwa akimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho na kujiuliza ameficha nini. Na kusema kweli, karibu kila mtu alikuwa na alichoficha. Sisi nyumbani tulificha shamba.

Uhuru ulipokuja nilikuwa mtoto mdogo, na ninachokumbuka ni pilau tu. Ujamaa ndio naukumbuka vizuri, maana ulinikuta binti mkubwa. Kabla yake tuliishi upande wa kaskazini wa wilaya, familia yetu na nyingine mbili tatu, kila moja na shamba lake kando ya kijito. Ikaja amri ya kuhamia kijijini. Lori likabeba mabati, vitanda, kuku na mtungi wa bibi, tukashushwa kando ya barabara ambako viwanja vilikuwa vimepimwa kwa mstari, mlango wa nyumba moja ukitazama mlango wa nyingine. Tangu siku hiyo ukipika nyama kijiji kizima kinajua. Kulikuwa na shamba la pamoja, duka la ushirika, zahanati iliyokuwa ikijengwa bila kwisha, na mwenyekiti wa kijiji aliyetuambia mkutanoni kwamba anayerudi kulima mahameni, yaani kule tulikohama, anarudi kwenye ukoloni.

Lakini udongo wa shamba la pamoja ulikuwa mwekundu na mgumu. Ule wa mahameni ulikuwa mweusi, wa kijitoni, na mahindi yake hata mwaka wa jua kali hayakutuangusha. Kwa hiyo wake wawili wa baba, yaani mama yangu na mama mdogo, waliendelea kwenda kimyakimya, kila mmoja na kipande chake, vipande vimepakana. Walitoka alfajiri na kamba za kuni mabegani, wakatembea saa mbili, wakalima, wakarudi na mizigo ya kuni vichwani ili asiwepo wa kuuliza. Waliojua ni wao wawili na baba. Mimi nilikuwa wa nne, kwa kuwa nililelewa kwenye matuta yale.

Mama mdogo alitoka Kerenge, upande wa Korogwe. Alinizidi miaka mitatu, labda minne, na kila asubuhi ilinibidi nimwambie shikamoo. Niliisema kwa ncha ya ulimi. Tulipohamia kijijini baba alimjengea yeye nyumba kwanza, na mama yangu akakaa msimu mzima wa masika katika kibanda cha nyasi, akihamisha kitanda kutoka pembe hadi pembe kukwepa matone. Msimu ule sikuusahau. Mama mdogo mwenyewe hakuwa na neno baya kwa mtu. Alikuwa mkimya, akicheka huziba mdomo kwa kiganja, nami niliuhesabu ukimya wake kuwa ujanja.

Mwaka wa pili wa kijiji wakaja watafutaji wa mafuta. Walipiga kambi mbali zaidi kaskazini, kwenye mbuga kavu ambako wafugaji walichungia ng'ombe, na baada ya miezi michache kambi ikawa mji. Mahema kwa makumi, nyumba za mabati zilizokuja vipande vipande juu ya malori, jenereta inayonguruma kutwa, mapipa yaliyopangwa kama watoto wa shule mstarini, na pembeni yake vibanda vya kinamama waliotoka hadi Segera kuja kuuza maandazi na maharage. Kulikuwa na kinyozi. Kulikuwa na fundi cherehani. Tuliuita mji ule Mafutani, ingawa mafuta yenyewe hakuna aliyeyaona isipokuwa ya taa na ya magari.

Hakuna aliyeamini kwamba wanatafuta mafuta. Nani atafute mafuta mahali ambapo hata maji hakuna? Wafugaji walisema wanapima malisho ili wayazungushie uzio, wakaswaga ng'ombe wao mbali. Kijijini walisema ni wapelelezi. Wengine wakasema ni wale wale waliofukuzwa wakati wa Uhuru, wamebadili kofia tu. Na wafanyakazi wa kambini, ambao ndio wangetakiwa kujua, walinong'ona kwamba mafuta yameshapatikana siku nyingi, ila wakubwa wanayaficha. Mimi nilizisadiki habari zote hizo, kila moja kidogo kidogo.

Niliajiriwa kwa sababu nilimaliza shule na nilijua kusoma lebo za makopo. Siku ya kwanza karani wa kambi, mtu wa mjini aliyevaa suruali ya pasi hata porini, alitukusanya wafanyakazi wapya.

"Ndugu zangu," alisema, "kazi hii ni ya taifa. Mnachokiona hapa kinaishia hapa. Atakayekwenda kukisimulia kisimani ni mhujumu, na mhujumu anajulikana anakopelekwa."

Tukatia sahihi karatasi ambayo hatukupewa muda wa kuisoma. Kila jioni wanawake tulikaguliwa getini na mama mmoja wa mikono minene aliyetubonyeza hadi nywele. Sikujua alitafuta nini. Nadhani na yeye hakujua.

Asubuhi nilikuwa jikoni, mchana ghalani nikichana vitambaa. Zilikuja jora za bafta, nyeupe na nyekundu, nami nikazichana vipande vya urefu wa mkono. Vyeupe vilikuwa vya wapimaji, walivifunga kwenye vigingi vyao ili wavione kwa mbali. Vyekundu vilikuwa vya watu wa baruti. Dereva mmoja wa Korogwe, mtu aliyependa kujionyesha kwamba anajua, ndiye aliyenieleza. Wanatoboa shimo, wanatia baruti, wanalifukia na kulishindilia, wanaacha waya mbili zimechungulia juu. Kisha wanachomeka kigingi na kukifunga kitambaa chekundu, maana yake hapa usiguse. Siku ikifika mashimo yote yanalipuliwa, na mitambo inasikiliza ardhi inavyoitika huko chini.

"Ukizivuta waya zile," dereva aliniambia, "hutakuwepo wa kusimulia."

Sasa, mtu yeyote wa kwetu angewaambia watafutaji wale kwamba nyekundu si rangi ya kuchezea. Kwetu, ukikuta katikati ya shamba lako kijiti kimefungwa kitambaa chekundu, na chini yake udongo umefukiwa upya, huulizi. Hilo ni fingo. Kuna mtu amekufukia dawa, na ukila mahindi ya hapo tumbo litavimba mpaka ufe. Lakini hakuna aliyetuuliza, na mimi sikusema. Nilichana tu. Mkasi waliotupa ulikuwa butu, kwa hiyo nilianzisha kwa meno kwenye upindo kisha nikavuta kwa mikono, na kila kitambaa changu kilibaki na pembe moja iliyotafunwa.

Mwisho wa kila mwezi tulipewa siku mbili za kwenda nyumbani. Mwezi wa nne wa kazi nilifika kwetu mchana, sijaweka hata fuko langu chini, mama akanivuta nyuma ya nyumba. Alitoa jani la mbono lililokunjwa, akalikunjua taratibu kwenye jiwe la kufulia. Ndani kulikuwa na kitambaa chekundu.

"Usiguse," akaniambia. "Tazama kwa macho."

"Kimetoka wapi, mama?"

"Mahameni, katikati ya mahindi yangu. Nimekichomoa kwa kijiti, sikukitia mkono. Kilikuwa kimefungwa kwenye mti uliochongwa, na chini udongo umeshindiliwa, kuna vitu kama kamba za chuma vimetokeza kama masharubu ya kambare." Akatazama nyuma yake, kisha akashusha sauti. "Nani analijua shamba lile? Mimi, baba yako, na yeye. Baba yako hawezi kujifukia mwenyewe. Niambie ni nani."

Nilikijua kitambaa kile kabla hajamaliza kukikunjua. Pembe yake ilikuwa imetafunwa, na aliyeitafuna ni mimi. Watu wa baruti walipita kule wakakuta mahindi bila mtu. Bila shaka waliambiwa nchi ile yote ni tupu, watu wamekwisha kuhamia kijijini, basi wakadhani mahindi yamejiotea. Nilijua pia kilichokuwa chini ya udongo ule. Ningeweza kumwambia mama pale pale, kwa sentensi moja, kabla maji ya ugali hayajachemka.

Sikusema. Kwa miaka mingi nilijieleza kwamba niliogopa karatasi ya karani na neno lile la mhujumu, na ni kweli niliogopa. Lakini nikiishia hapo nitakuwa najipendelea. Nilimtazama mama alivyokunja midomo, nikakumbuka kibanda kinachovuja, na ndani yangu kitu kikaona raha. Nilifurahi. Naliandika neno hilo kama lilivyo kwa sababu sina jingine. Nikajiambia pia kwamba hakuna hatari, kwani nani atathubutu kugusa fingo? Woga wao ni mlinzi mzuri kuliko mgambo. Baada ya siku chache mafundi watalipua, wataondoka, mambo yatakwisha yenyewe.

Mambo kama hayo kwa kawaida huitiwa wazee wa ukoo. Wazee wangeuliza maswali, wangemsikiliza kila mmoja, huenda hata wangetuma mtu akaangalie. Lakini shamba lenyewe lilikuwa la siri, nani angeitwa? Kwa hiyo baba aliwaita wake zake siku ile ile baada ya sala ya alasiri, ndani ya nyumba ya mama, akafunga mlango ingawa joto lilikuwa kali. Mimi niliachwa kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu na mlango nikimenya mbaazi, na hakuna aliyekumbuka kuniambia nitoke.

Mama alieleza. Hakupandisha sauti. Alipomaliza, baba akamgeukia mama mdogo.

"Mke wangu, umesikia. Unajua taratibu. Anayeshutumiwa hulifukua kwa mkono wake mwenyewe, na asiye na hatia halimdhuru. Kama mkono wako ni safi, kesho twende, sisi watatu tu, ulifukue. Yaishe."

Mikono yangu ilisimama kwenye mbaazi. Nilijua kwamba akisema ndiyo itanibidi nifunue kinywa. Maneno nilikuwa nimeshayapanga: baba, msiende, ile ni baruti. Niliyasikia yamekaa mdomoni. Wakati huo huo nilimwomba Mungu amfanye akatae, ili nisiyatoe.

Mama mdogo alitazama mkeka. Alikuwa ameshika pindo la kanga yake kwa mikono yote miwili.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, bwana. Sababu ninayo, ila si ya kusema leo."

Mama alicheka kidogo, kicheko cha puani. Baba akasubiri, akasubiri tena, kisha akafungua mlango kuingiza hewa, na kwa namna alivyoufungua tulijua kwamba hukumu imekwisha kutolewa. Mimi nikashusha pumzi. Na hapa ndipo ninapojishangaa hadi leo, maana wakati ule, nikiwa na ungo wa mbaazi magotini, nilijiambia kwamba nimemwokoa.

Aliondoka kesho yake asubuhi kurudi kwao Kerenge. Baba alimsindikiza mpaka Segera kumtafutia gari la Korogwe. Kabla ya kuondoka mama mdogo alimuaga mama, mama akaendelea kufagia. Akaja kwangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama muda mrefu kuliko salamu inavyotaka. Sijui aliona nini. Niliinama nikajifanya natafuta kata ya maji.

Kambini nilikuta kazi ya baruti imesimama. Mtambo mmoja ulikuwa umeharibika na kipuri kilikuwa kinasubiriwa kutoka Dar es Salaam. Siku ya kwanza nilimuuliza yule dereva kama mashimo ya upande wa kijito yameshalipuliwa.

"Bado," akasema. "Kwa nini unauliza ya upande huo?"

"Nauliza tu."

Jioni yake karani akaniita. Alitaka kujua nani amenituma kuuliza mashimo. Nilimwambia hakuna. Akaandika kitu kwenye daftari, akanitazama, akaandika tena. Tangu hapo nikifika mezani wenzangu wakawa wanahamisha mazungumzo, na yule mama wa getini akaanza kunibonyeza mara mbili. Sikuuliza tena. Niliendelea kuchana vitambaa, ila niliacha kutumia meno, nikahangaika na ule mkasi butu mpaka vidole vikaota malengelenge. Nilitaka visifanane.

Mwezi ukaisha. Nilifika nyumbani saa nne asubuhi, nikamkuta baba peke yake chini ya ukingo wa paa akitia mpini jembe. Nikamwamkia, nikamuuliza mama yuko wapi.

"Amekwenda mahameni na mgeni," akasema bila kuniangalia. "Mahindi yamekauka, anataka kuvuna. Amemtoa mganga mbali, Korogwe ya zamani kule karibu na mto, asijulikane hapa. Leo wanalifukua."

Njia ile ni ya saa mbili na sikumbuki niliimaliza kwa muda gani. Nakumbuka nilivua viatu vya kazi nikaviacha njiani, na nakumbuka nikijisemea kwa sauti kwamba mganga atakuwa mvivu, wote ni wavivu, watakuwa bado kwenye ubani. Nilipitia mahame ya jirani zetu, kuta zimebaki magotini, mronge umeota ndani ya chumba. Kisha nikaona mahindi yetu, na kati ya mahindi kichwa cha mwanamume anayeinama na kuinuka.

Hakuwa mvivu. Alikuwa ameshachimba hadi shimo limefika gotini, amezungusha zile waya mara mbili kwenye kiganja, amekita mguu ukingoni. Mama alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, ameshika chetezo.

"Acha!" nikapiga kelele. "Usivute, ni baruti!"

Mganga aligeuka kwa hasira. "Huyu nani?" akamuuliza mama. "Ndiye aliyelifukia? Wenyewe huja hivi hivi, likikaribia kutoka."

"Ni binti yangu," mama akasema. "Anafanya kazi Mafutani."

Nikaeleza yote nikiwa nahema. Shimo, baruti, waya, kigingi, kitambaa. Mganga alisikiliza akinichunguza, hakuamini, halafu akaziangalia waya zilizo mkononi mwake, nyekundu moja na nyeusi moja, zimefunikwa mpira vizuri kama za redio. Nadhani alijua kwamba wachawi hawana waya za namna hiyo. Akazifungua polepole sana, akazilaza chini kama mtu anayelaza mtoto aliyechelewa kusinzia. Akachukua mkoba wake, akaondoka kwa hatua ndefu, wala hakukumbuka kuku wake mweusi aliyefungwa kwenye bua.

Tukabaki sisi wawili. Mama alikuwa bado ameshika chetezo kinachofuka.

"Umejua tangu lini?" akauliza.

Ningeweza kudanganya. Ningesema nimeambiwa jana. Labda angeamini, maana alitaka sana kuamini.

"Tangu uliponionyesha kitambaa."

"Kabla ya kikao."

"Ndiyo, mama."

Akakaa kwenye tuta. Hakuwa mtu wa kukaa chini shambani. Alikuwa akisema anayekaa shambani anamfundisha jua uvivu. Alikaa akautazama udongo uliochimbwa.

"Nimemfukuza mtu," akasema. "Nimemfukuza mtu na wewe umekaa pale unamenya mbaazi."

Akaweka chetezo chini.

"Leo umekimbia mpaka miguu inatoka damu. Siku ile baba yako aliposema akalifukue yeye, hata kuinuka hukuinuka."

"Alikataa, mama."

"Na kama asingekataa?"

Nilitaka kumwambia kwamba ningesema, kwamba maneno yalikuwa mdomoni. Nilitaka sana. Lakini mama alikuwa akinitazama kama anavyotazama mtu mgeni aliyesimama mlangoni, na nikaona kwamba hata nikiapa hatanisadiki. Kibaya zaidi, nilipolitafuta jibu ndani yangu, sikulikuta mahali nilipodhani nimeliweka. Tulirudi nyumbani bila kuni, yeye mbele mimi nyuma.

Nilirudi kambini nikamwambia karani kuna watu wanavuna kule kijitoni, wasilipue kwanza. Nilifukuzwa kazi siku hiyo hiyo kwa kosa la kutoa siri. Mlipuko ulisikika wiki iliyofuata hadi kijijini, vikombe vikalia kabatini, na mwenyekiti alipofuata kuona kilichotokea akalikuta shamba letu. Nusu ya mahindi ilikuwa imelala. Iliyobaki ikavunwa kwa jina la kijiji. Miaka kadhaa baadaye nilikutana Korogwe na mmoja wa mafundi wa baruti, mtu mzima sasa anauza vipuri vya baiskeli, akaniambia zile waya pengine zisingelipua kitu kwa kuvutwa tu. Pengine. Nilimtazama usoni nikaona anataka nifurahi, kwa hiyo sikumwamini.

Mafuta hayakupatikana. Kambi ilivunjwa, mabati yakaondoka vipande vipande kama yalivyokuja, na wako wazee hadi leo wanaosema mafuta yalionekana, yakazibwa kwa saruji. Mimi nadhani hawakuona kitu. Lakini sitaapa.

Baba hakunipiga wala hakunigombeza. Alisema tu, "Kerenge utakwenda wewe. Mimi nikifika nitasema nini?" Nikapanda gari mpaka Korogwe, kisha nikaenda kwa lori la mzigo, kisha kwa miguu. Nilimkuta mama mdogo akipalilia maharage nyuma ya nyumba ya mama yake. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana chini ya kanga.

Nikamwamkia. Akaitikia. Akaegemea mpini wa jembe akanisikiliza mpaka mwisho, na mara moja tu alipitisha mkono tumboni, nilipotaja kwamba baruti ilikuwa kimo cha mtu chini ya kigingi.

"Ndiyo maana nilikataa," akasema. "Mwenye mimba haruhusiwi kugusa fingo. Ilikuwa changa. Sikutaka kuitaja mbele ya mama yako, niliogopa jicho lake."

"Baba anasema urudi. Mama pia anasema. Ameniambia nikwambie amekosa."

"Mama yako hakukosa. Aliona kitambaa, akafikiri kama mtu yeyote." Akang'oa gugu, akapukuta udongo kwenye mizizi. "Nimekaa hapa najiuliza fingo lile ni la nani. Nilijua si langu. Nikamdhania yeye, kwamba amelifukia mwenyewe ili anitoe. Mchana kutwa namdhania yeye. Kumbe lilikuwa lako."

"Halikuwa fingo, mama mdogo. Ilikuwa baruti ya kampuni."

"Lilikuwa fingo," akasema, akaendelea kupalilia.

Hakurudi. Mtoto alizaliwa kule, wa kiume, na baba akawa mtu wa kwenda Kerenge na kurudi mpaka miguu ilipomkatalia. Mama alimtumia mke mwenzake kanga, na nasikia alizivaa. Wazee wangu wote wawili wameshatangulia. Mimi ninakwenda Kerenge kila mwaka baada ya Idi, na ndugu yangu yule, sasa ana wajukuu, hunipokea vizuri na kunichinjia. Mama mdogo amezeeka, haoni vizuri, lakini sauti yangu anaijua tangu nikiwa uani. Mimi humwamkia kwa sauti kubwa, kwa moyo wote. Humpelekea mkate wa mchele niliouoka mwenyewe.

Yeye huupokea kwa mikono miwili, hushukuru, huuliza habari za watoto mmoja mmoja. Huagiza kisu na sahani. Hukata kipande kikubwa akakiweka mbele yangu, kisha hukata chake akakiacha palepale kwenye sahani, akakunja mikono mapajani na kuendelea na maongezi ya mvua na ya mahindi. Hajawahi kusema neno juu ya jambo lile tangu siku ya maharage. Anasubiri tu. Mimi hula kwanza, nikatafuna, nikameza, nikanywa maji. Akishasikia nimeweka kikombe chini, ndipo naye anaponyoosha mkono.